Alama zangu za vidole mnazo, jina langu mmeliacha wapi?

Najua nimeadimika hapa, na wawili watatu wenu mmeniandikia mkiuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Kazi ya chumba cha habari imenimeza, basi. Lakini leo sitalala kabla sijaliandika hili, maana limenikaa rohoni tangu mwaka wa 2022 na sasa naona tunaelekea kulirudia lile lile tena kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Naanza kwa kutubu.

Januari 2022 mhariri wangu alinituma mitaani nikaandike kuhusu vijana wasiojisajili kupiga kura. Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikuwa imeanza awamu ya pili ya usajili wa wengi, kutoka tarehe 17 Januari hadi 6 Februari. Nikazunguka Kawangware, nikazunguka Githurai, kila ninayekutana naye namuuliza: mbona hujajisajili? Jamaa mmoja wa bodaboda akaniangalia juu hadi chini akaniuliza, "Niache kazi nikapige foleni, wewe utanilipa?" Nikacheka, nikaandika, nikarudi afisini nikatoa makala ya kukemea. Nililitumia hata lile neno tunalolipenda sana sisi waandishi, "kutojali". Makala ikasomwa na mhariri akanipigia makofi.

Jambo ambalo mhariri hakulijua, na ambalo nyinyi mnalijua leo kwa mara ya kwanza: mimi mwenyewe sikuwa nimejisajili.

Sina kisingizio kizuri. Nilipata kitambulisho mwishoni mwa 2017, uchaguzi ukiwa umeshapita. Nikaja Nairobi kusoma. Usajili wa Oktoba 2021 ulinikuta katikati ya mitihani. Ule wa Januari ulinikuta kazini, zamu asubuhi, zamu usiku. Jumamosi ya mwisho nilikwenda kwenye shule ya msingi ambapo wiki iliyotangulia nilikuwa nimewaona makarani na mashine yao. Walikuwa wamehamia sehemu nyingine ya wadi, kama ratiba yao ilivyosema. Ratiba sikuisoma, kosa ni langu. Nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho yake, Jumapili tarehe 6, nilikuwa zamu. Mnajua nilikuwa nikiandika nini? Habari ya watu waliojitokeza siku ya mwisho kujisajili!

Tarehe 9 Agosti nikaamka saa kumi alfajiri, nikavaa kitambulisho cha uandishi shingoni, nikaenda kuripoti uchaguzi. Nikawatazama watu wakiweka kidole kwenye mashine, jina linatokea, wanapewa karatasi. Mashine ile isingenijua hata ningeweka vidole vyote kumi. Saa sita mchana mama akanipigia kutoka Malindi. Yeye na magoti yake mabovu alikuwa kwenye foleni tangu kabla jua halijachomoza.

"Mwanangu, ushapiga?"

"Nishapiga, mama."

Nikamdanganya mama yangu. Na ndiyo maana naandika hapa.

Sasa msinielewe vibaya. Sijaja kujitetea. Nimejiuliza swali moja ambalo katika makala yangu ya kukemea sikuliuliza hata kidogo: kwa nini mimi ndiye niliyetakiwa kuitafuta serikali, wakati serikali ilishanipata zamani?

Fikirini. Nilipoomba kitambulisho nikiwa na miaka 18, walichukua alama za vidole vyangu vyote. Walichukua picha yangu. Walitaka cheti changu cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wangu, na chifu akathibitisha kwamba mimi ni mtoto wa pale. Mwisho wa yote, serikali ya Kenya ikatamka rasmi kwamba huyu ni raia, na huyu ni mtu mzima. Je, Katiba inataka nini zaidi ili mtu awe mpigakura? Someni Kifungu cha 83: uwe raia mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa huna akili timamu, usiwe umehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Basi. Kwa hiyo siku ile nilipochukua kitambulisho changu, serikali ilikuwa imeshathibitisha karibu kila kitu kinachotakiwa. Kisha ikanyamaza. Ikaniacha niende zangu, na miaka minne baadaye ikanitangazia redioni nije tena, mbele ya mashine nyingine, nitoe vidole vile vile, nipigwe picha ile ile, nionyeshe kitambulisho kile kile ambacho yenyewe ndiyo iliyonipa!

Hapo mvivu ni nani?

Kifungu hicho cha 83 kinaendelea kusema kwamba taratibu za kusajili wapigakura lazima zimrahisishie raia haki yake, zisimnyime. Kifungu cha 38 kinasema ni haki ya kila raia mtu mzima kusajiliwa bila vizuizi visivyo na msingi. Na Kifungu cha 88 kinaipa Tume kazi ya kuwasajili raia, tena mfululizo. Mzigo umewekwa mabegani mwa dola. Sisi tumeupokea tukajitwika wenyewe, halafu tunatukanana kwamba fulani ameshindwa kuubeba.

Mnataka hesabu? Mwezi mmoja wa usajili wa Oktoba 2021, Tume ililenga wapigakura wapya milioni 6. Ikapata kama milioni moja na nusu. Awamu ya Januari 2022 ikapata kama milioni moja tu, mbali sana na lengo. Daftari la mwisho la 2022 lilikuwa na wapigakura 22,120,458. Lilikua kwa jumla ukilinganisha na la 2017, lakini idadi ya vijana wa miaka 18 hadi 35 ndani yake ilipungua kwa asilimia 5.27. Taifa linazidi kuwa na vijana, daftari linazidi kuzeeka. Wakubwa wakasimama na kusema vijana hawajali. Halafu Juni 2024 vijana hao hao wasiojali wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Mtu anayesimama mbele ya maji ya kuwasha na risasi, utamwambia hajali? Anajali. Ni kwamba barabara haikumtaka ajisajili kwanza.

Basi hoja yangu ni hii, na naiandika wazi ili anayenipinga ajue anapinga nini: KILA MKENYA ANAPOPEWA KITAMBULISHO, AINGIZWE KATIKA DAFTARI LA WAPIGAKURA PAPO HAPO. Asiyetaka aulizwe, akatae, atolewe. Anayetaka asiulizwe chochote isipokuwa kituo gani. Huo ndio usajili wa moja kwa moja. Hivi sasa wewe hupo mpaka ujitie. Mimi nataka uwepo mpaka ujitoe.

Na hili si jambo la kuota. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha sheria yake Machi 2015 na kuanza kazi Januari 2016. Mtu anapokwenda kushughulikia leseni ya udereva na stakabadhi zake zinaonyesha ni raia, taarifa zake zinapelekwa kwa wasimamizi wa uchaguzi. Anatumiwa kadi kwa posta: una siku 21, kama hutaki sema. Akinyamaza, anaingia. Mwaka ule wa kwanza watu zaidi ya 225,000 waliingia kwa njia hiyo, na zaidi ya 90,000 miongoni mwao walipiga kura Novemba 2016. Hao ni watu ambao kwa utaratibu wa zamani wengi wao wangekuwa kama mimi Agosti ile, wanatazama wenzao. Leo majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yana utaratibu wa aina hii. North Dakota ndiyo kali zaidi, ilifuta usajili wa wapigakura mwaka wa 1951 na haijaurudisha. Unakwenda na kitambulisho chako, unapiga kura, unarudi nyumbani.

Nasikia sauti ya mtu kule nyuma: "Sisi si Marekani." Kweli kabisa, na katika jambo hili sisi tuna nafuu! Wamarekani hawana kitambulisho cha taifa. Wanahangaika na leseni za udereva, na leseni hupewa hata mtu asiye raia. Ndipo Oregon ilipojikwaa. Septemba 2024 iligundulika kwamba afisi ya leseni ilikuwa imewapeleka kwenye daftari watu zaidi ya 1,200 ambao hawakuwa wameonyesha uthibitisho wa uraia, kwa sababu makarani walichagua aina isiyo sahihi ya stakabadhi kwenye kompyuta. Waliokuwa wamepiga kura kati yao walikuwa wachache mno, lakini aibu ilikuwa kubwa, na ilistahili kuwa kubwa. Silifichi hilo. Ila tazama: kitambulisho cha Mkenya hupewa Mkenya. Mkimbizi ana kadi yake tofauti, mgeni ana yake. Kazi ya kuchuja uraia iliyoishinda Oregon kaunta, sisi huifanya kabla hata kitambulisho hakijachapishwa.

Na hapo ndipo penye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, tena linatoka kwetu Pwani. Ukilifunga daftari na kitambulisho, mlango wa kura unahamia kwenye mlango wa kitambulisho. Je, mlango huo uko wazi kwa wote? Waulizeni Wamakonde wa Kwale. Walikaa nchi hii vizazi na vizazi, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakiwa hawana taifa. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, ndipo mwaka wa 2017 wakapata vitambulisho na wakapiga kura Agosti ile kwa mara ya kwanza. Wapemba walingoja hadi 2023. Waulizeni Wanubi wa Kibra na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, waliokuwa wakiitwa mbele ya kamati za kuwahoji uraia hadi Rais alipoagiza Februari 2025 mahojiano yale ya kaunti za mpakani yakome. Na tukivuka maji, Zanzibar kitambulisho cha Mzanzibari ni sharti la kuandikishwa mpigakura, na upinzani umelalamika kwamba wafuasi wake hunyimwa vitambulisho ili wanyimwe kura.

Hoja hiyo ni nzito. Lakini tafadhali nionyesheni jinsi utaratibu wa sasa unavyomsaidia huyo Mmakonde. Hata leo huwezi kujisajili bila kitambulisho au pasipoti. Mlango wa kwanza upo tayari. Tunachobishania ni kama baada ya kuuvuka tuweke wa pili. Mimi nasema tuung'oe wa pili, halafu tuelekeze nguvu zote kwenye ule wa kwanza.

Pingamizi la pili ni la wenzangu wa mitandaoni: "Unataka serikali iunganishe data zetu? Hii hii?" Ndiyo, hii hii, na hofu yenu nainunua bila kuomba bei ipunguzwe. Mnakumbuka Juni 2021? Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipotuwezesha kuangalia majina yetu kupitia eCitizen, watu wakakuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mimi nilikutwa chamani, nikapiga kelele, nikajitoa. Cheka mwenzangu, maana ni kichekesho cha machungu: vyama vilikuwa na usajili wa moja kwa moja kabla ya wapigakura kuwa nao! Na tunakumbuka Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu iliizuia hadi kuwe na kanuni za kutosha za kulinda data. Serikali ikaendelea na kadi zake, na Oktoba 2021 mahakama ikasema utoaji wa kadi zile haukuwa halali, kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Kwa hiyo sisemi tuwape Tume ufunguo wa ghala lote. Tume inahitaji jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, picha, alama za vidole, na kituo. Haihitaji kujua dini yangu, ninakaa kwa nani, wala nimekopa wapi. Taarifa ziende upande mmoja tu, kutoka kwa msajili wa watu hadi kwa Tume, zisirudi. Na kila mtu atumiwe ujumbe wa simu siku anapoingizwa: umesajiliwa kituo fulani, kama hutaki au unataka kuhama bonyeza hapa. Vyama havikututumia ujumbe. Tofauti ya kusajiliwa na kuibiwa jina iko hapo, katika kuambiwa na katika kuweza kukataa.

Na msisahau kwamba daftari hili la kujipanga foleni, ambalo tunaambiwa ndilo salama, lina mambo yake. Kampuni ya KPMG ilipolikagua mwaka wa 2022 ilikuta marehemu zaidi ya 246,000. Robo milioni ya wafu, wasomaji wangu! Wao wamo, mimi niliye hai simo. Daftari likiunganishwa na msajili wa watu na msajili wa vifo, anayezikwa na kuandikiwa cheti anatoka bila kungoja mkaguzi wa kukodiwa kila baada ya miaka mitano.

Pingamizi la tatu ni la kweli pia, na wapigania usajili wa moja kwa moja huwa wanalikwepa. Kusajiliwa si kupiga kura. Chile ilibadilisha sheria yake Januari 2012: kila raia mtu mzima akaingizwa kwenye daftari moja kwa moja, na wakati huo huo kupiga kura kukawa hiari. Daftari likaruka kutoka kama milioni 8 hadi zaidi ya milioni 13. Mkadhani watu walijaa vituoni? La hasha. Uchaguzi wa rais wa 2013 walijitokeza chini ya nusu, na ule wa serikali za mitaa wa 2016 hata asilimia 40 haikufika. Mwaka wa 2022 Chile ilipofanya kura ya maoni ya katiba, kupiga kura kukiwa lazima tena, watu kama milioni 13 wakajitokeza, kwa sababu majina yao yalikuwemo.

Kwa hiyo msije mkaniambia 2027 kwamba nilidanganya. Kwetu pia waliojitokeza Agosti 2022 walikuwa kama asilimia 65 ya waliosajiliwa. Tukiwaingiza mamilioni wapya, asilimia hiyo huenda ikashuka, na kuna gazeti litaandika kwamba Wakenya wamechoka na demokrasia. Acha liandike. Mtu aliyesajiliwa akakaa nyumbani ameamua mwenyewe kukaa nyumbani. Mimi Agosti ile sikuamua chochote siku ya kura. Niliamuliwa miezi sita kabla, na ratiba ya zamu.

Kuna gharama nyingine ya kisheria ambayo wanasheria mnaonisoma mtaitaja hata nikinyamaza, basi naitaja. Mabadiliko makubwa ya Katiba yanataka kura ya maoni ambayo angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa katika nusu ya kaunti wamejitokeza. Daftari likikua, kizingiti hicho kinapanda. Nimekipima hicho nikaona kinalipika. Mshindi wa urais hahesabiwi kwa waliosajiliwa, anahesabiwa kwa kura zilizopigwa, kwa hiyo hapo hakuna kitakachoharibika.

Sasa niseme lile ambalo nadhani ndilo kiini cha mambo. Daftari dogo lina wenyewe. Mnamkumbuka Mutahi Ngunyi na ule "ubabe wa idadi" wake wa mwaka wa 2013? Alituambia uchaguzi wa Machi 2013 ulikwisha tarehe 18 Desemba 2012, siku daftari lilipofungwa. Wengi walimkasirikia. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, lakini nikirudia maneno yale leo naona mtu alikuwa akieleza mchezo mzima mbele ya kamera. Usajili wa siku thelathini ni kampeni ya kwanza. Mwanasiasa mwenye magari na pesa anawabeba watu wa ngome yake, anawafuata hadi mashambani, na anaomba Mungu mvua inyeshe kwenye ngome ya mwenzake. Asiyebebwa na mtu ni nani? Ni kijana wa mjini asiye na ngome. Mhudumu wa duka la simu anayekatwa siku yake asipofika. Mwanafunzi aliye mbali na kwao. Hao wakibaki nje, hakuna mgombea anayelala njaa. Ukiona jambo jepesi linashindikana miaka yote hii, uliza linamnufaisha nani likiendelea kushindikana.

Kila nikiligusa suala hili mbele ya mheshimiwa yeyote, jibu ni moja: "Ni wazo zuri, lichunguzwe kwanza." Haya, lichunguzwe! Sipingi uchunguzi, napinga uchunguzi usio na tarehe ya mwisho. Na maswali ya kuchunguza si mengi, naweza kuwaandikia bure. Kwanza, kituo: kitambulisho changu kinasema Malindi na mimi nalala Nairobi, je, mtu aulizwe kituo siku anapoomba kitambulisho au siku anapokuja kukichukua? Pili, sisi ambao tayari tuna vitambulisho na hatumo daftarini tutafikiwaje, kwa simu au kwa chifu? Tatu, kuhama kituo kuruhusiwe kwa njia gani bila kusafiri hadi afisi ya eneobunge? Nne, nani atamkagua msajili wa watu anapokosea, kama Oregon walivyokosea, na atasahihisha kwa siku ngapi? Tano, sheria ipi irekebishwe? Maswali matano. Kamati yenye nia inayamaliza kabla chai haijapoa mara nyingi.

Wazee wetu walikuwa na neno kwa kitambulisho ambalo bado tunalitumia: kipande. Wengi wetu hatukumbuki lilikotoka. Miaka ya 1920 serikali ya mkoloni ilichukua alama za vidole za wanaume Waafrika na kuwavisha kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma, ili mzungu mwenye shamba ajue nani ni kibarua wake na nani ametoroka. Harry Thuku na wenzake walilipinga jambo hilo. Karne imepita. Vidole vyetu bado vinachukuliwa, na kila vinapohitajika kwa faida ya dola, dola inavipata. VAT ya asilimia 16 nilianza kuilipa nikiwa mtoto, kila nilipotumwa dukani kununua sabuni, na hakuna aliyenipanga foleni nijisajili. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 hukatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Katika kulipa mimi niko daftarini tangu nizaliwe. Ni katika kuamua tu ndipo naambiwa nijitokeze.

Mpaka sheria ibadilike, nendeni mkajisajili. Usajili endelevu ulirejelewa Septemba 2025 katika afisi za maeneobunge, na sitaki mtu aniambie alisoma hapa kwamba ni kazi ya serikali kwa hiyo akakaa. Ni kazi ya serikali na haijaifanya, kwa hiyo nenda. Mimi nimeshakwenda. Niliomba ruhusa kazini nusu siku, nikakatwa nusu siku, nikaweka vidole vyangu kwenye mashine kama mtu ambaye nchi hii haijawahi kumwona.

Nilipotoka nilimpigia mama nikamweleza ukweli wa 2022. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa yule uliyesema umempigia, hukumpigia?" Nikamwambia sikumpigia mtu, mama, jina langu halikuwako. Akasema, "Na kitambulisho si unacho?"

Swali hilo la mama ndilo ninalowaachia, waheshimiwa na wasomaji. Mwenye jibu aniandikie hapo chini. Mwenye matusi pia karibu, ila aje na hoja.